Tai Niliyodhani ni Kamba

Juzi niliingia duka moja kununua sabuni, nikatoka mikono mitupu. Muuzaji alikuwa amechoma kijiti cha udi nyuma ya mizani, vile vijiti vyembamba vinavyouzwa kwa pakiti, na moshi wake uliponifika puani nilijikuta nimesimama tena kwenye ua wetu wa Kisangani, mtaa wa Tshopo, mtoto wa darasa la tatu mwenye vipande vya majani kwenye nywele. Halafu hasira ikanipanda. Muuzaji aliniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia siumwi, nimekasirika tu, nikaondoka zangu.

Nyinyi wa rika langu mnaijua hasira hii, ila wengi wenu mmeamua kuicheza ngoma. Tukikutana kwenye harusi, chupa mbili zikishamalizika, mmoja huanzisha zile nyimbo za kumsifu Kiongozi tulizokaririshwa shuleni, na wengine mnasimama kukata viuno, hamjasahau hata hatua moja. Mnafuta jasho na kusema kwamba angalau zamani zile kulikuwa na nidhamu. Mimi huchukua mkoba wangu nikarudi nyumbani. Nidhamu hiyo niliiona. Ilivaa miwani myeusi.

Papa alikuwa mtu wa mto, kwao ni upande wa Isangi, na alikuwa karani katika ofisi moja mjini. Mama alitoka Maniema. Mama alisema nasi Kiswahili, Papa Kilingala, shule ilitupiga kwa Kifaransa, nasi watoto tulivimeza vyote kwa pamoja bila kujua neno gani limetoka kwa nani. Kushika la baba au la mama halikuwa jambo la kufikiria. Naomba mlikumbuke hilo, maana ndilo lililotuponza.

Ukuta mmoja na sisi aliishi mtu tuliyemwita Mushinwa. Hakuwa Mchina. Alitoka Vietnam, nchi ambayo sisi hatukuwa tumeisikia, na mwanzoni alijaribu kueleza, halafu akachoka, akaitika jina la Mushinwa mpaka mwisho. Alikuwa fundi wa mashine za kukoboa mpunga kwenye barabara ya Bengamisa. Aliondoka asubuhi juu ya lori na kurudi alasiri akiwa mweupe wa pumba kuanzia nywele mpaka nyusi. Kiswahili chake alikitoa kwenye kitabu kidogo cha sarufi kilichoachwa na mapadri, kwa hiyo alikuwa na maneno ambayo hakuna mtu wa mtaa wetu aliyekuwa nayo. Mama alikuwa akimcheka na kumsahihisha juu ya ukuta, naye akampa pumba za kulishia kuku.

Ndani kwake kulikuwa na rafu yenye sanamu ya mti, urefu wa kiganja, ya mtu aliyekaa amekunja miguu na kufumba macho. Mbele yake palikuwa na kibakuli cha wali na kijiti cha udi kinachofuka. Wakubwa walisema ni fetishi, kitu cha uchawi. Mimi niliangalia vizuri nikaona kwamba ni mtu wa njaa anayesubiri wali upoe, na kwamba udi ni wa kufukuza nzi wasimtangulie. Nilimwonea huruma. Siku moja nilimwuliza Mushinwa mbona huyu hali, akanijibu kwa upole kabisa, "Ye anaangalia." Nikauliza anaangaliaje na macho amefumba. "Anaangalia ndani," akasema. Nilitoka pale nikijua kwamba mtu yule ana ugonjwa wa tumbo.

Sasa tai. Kama mlizaliwa wakati wetu mnajua: tai ilikuwa imepigwa marufuku. Kiongozi alikuwa ameamua kwamba sisi ni watu wa asili, kwamba mwanamume halisi anavaa koti lililofungwa hadi kooni, kwamba hakuna tena monsieur, bwana, bali citoyen, raia, na majina ya ubatizo yatupwe. Wakubwa waliona vitu vikiondolewa. Sisi tuliokuwa wadogo hatukuona kitu kikiondoka. Tulizaliwa tayari havipo. Mimi nilikuwa sijawahi kuona tai kwenye shingo ya mtu hai. Padri alikuwa na kanzu yake, Wabelgiji waliobaki walivaa shati la mikono mifupi, na picha za vitabuni zilikuwa zimechanwa. Hakuna aliyenieleza. Unamwelezaje mtoto kitu ambacho hukuruhusiwa hata kukitaja?

Ijumaa moja mwalimu wetu alisimama mlangoni na kutangaza, "Kesho iko salongo. Mukubwa moja anakuya kutoka Kinshasa. Kila mutoto alete coupe-coupe ao kamba ya kufunga majani. Mwenye hana, ataona." Salongo ilikuwa kazi ya lazima ya Jumamosi, watu wote nje kufyeka na kufagia. Panga letu, hiyo coupe-coupe, lilikuwa kwa tonton, mjomba wangu. Kamba ya kisima Mama alinikataza kuigusa. Nilitafuta nyumba nzima kwa woga wa fimbo, na mwishowe nikafungua sanduku la bati la Papa, na chini kabisa, chini ya vyeti na shati la harusi, nikapata kamba nzuri kuliko zote nilizowahi kuona. Ilikuwa ya bluu nzito yenye mistari ya njano, laini, pana upande mmoja na nyembamba upande wa pili, na kwenye ncha pana ilikuwa na alama ndogo ya kuungua kwa pasi. Nilifikiri: ndiyo maana ni pana huku, ili majani yakae vizuri.

Nilifunga majani nayo. Nilifunga vizuri sana, mpaka utomvu wa kijani ukaingia kwenye kitambaa. Wenzangu walikuwa na kamba za magome zinazokatika, mimi nilikuwa na furushi lililokazwa barabara, nikalibeba kichwani katikati ya barabara nikijiona bibi arusi. Ndipo mkuu wa chama wa mtaa akaniita. Jina lake silitaji. Watoto tulimwita Citoyen Malineti kwa sababu ya miwani yake, ambayo hakuivua hata wakati wa mvua. Aliifungua ile tai kwa vidole viwili, akainyanyua juu kila mtu aione.

"Njo nini hii? Iko ya nani?"

"Iko ya papa yangu!" nilisema kwa sauti. Mnisamehe, lakini nilisema kwa majivuno. Nilidhani tutapewa zawadi.

Walimchukua Papa mchana huohuo, akiwa bado na reki mkononi.

Jumapili nyumba yetu ilijaa ndugu. Tonton Amisi, kaka yake Mama, alikaa kwenye kiti cha Papa, shangazi walijipanga ukutani, na wote walikuwa na la kusema juu yangu. Mmoja alisema nimelogwa. Mwingine alisema mtoto wa kike akizidi akili matokeo yake ni haya. Mama alinipiga kwa mwiko wa kusongea, halafu akakaa chini akalia, na kilio chake ndicho kilichoniuma. "Weye mutoto, umetuua," alisema. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesema: ni nani huyu anayemfunga mtu kwa ajili ya kipande cha kitambaa? Hakuna. Nimelifikiria hilo maisha yangu yote. Chumba kizima cha watu wazima, na mkosaji waliyempata alikuwa na miaka tisa.

Tonton Amisi alikata shauri. "Bon. Kesho mutoto ataenda pale na mama yake. Atasema aliokota ile kitu ku beach, pale mabato inashushaka vitu. Aseme alisema 'ya papa' juu ya kujisifu tu. Donc, umesikia?" Nilisikia. Beach ilikuwa bandari yetu ya mtoni. Nilitakiwa kurudia mara kumi, na kila nilipokwama shangazi mmoja alinifinya sikio.

Nilitoroka nikaruka ukuta, nikajificha kwa Mushinwa, kati ya ndoo ya maji na ile rafu yenye sanamu. Aliponikuta hakunitoa. Alikaa chini sakafuni, akakunja miguu kama sanamu yake, akasubiri kwikwi ziishe. Nikamweleza yote, kamba, Malineti, Papa, beach. Halafu akasema maneno ambayo ninaweza kuyarudia mpaka leo, kwa lafudhi ileile ya kitabu cha mapadri:

"Usikimbie kosa. Angalia kosa. Sema kosa. Kisha weka chini."

Nyinyi mnaosoma mmeelewa bila taabu. Mimi sikuelewa. Kwetu, mtu aliyeteleza alikuwa amefanya fote. Tulisema fote nyumbani, fote shuleni, fote barabarani, na hata Mama hakuwa akisema vingine. "Kosa" nililijua kwa Kilingala cha Papa na cha watoto wenzangu, na kwa Kilingala kumkosa mtu ni kumdanganya. Kwa hiyo mimi nilisikia mtu mzima, mtu pekee aliyekuwa hajanipiga, akiniambia kwa upole kwamba nisiogope uongo. Niutazame uongo. Niuseme uongo. Kisha nitulie. Nililala nikiwa nimefarijika.

Jumatatu tulikwenda. Ofisi ya chama ilikuwa na harufu ya mafuta ya taa na karatasi zenye unyevu, na picha ya Kiongozi ilitutazama kutoka juu ukutani. Mlango wa ndani ulikuwa wazi kidogo. Nilimwona Papa kwa upenyo ule. Alikuwa amekaa sakafuni bila viatu, kichwa kimelala upande mmoja, na damu imekauka kwenye shingo, chini ya sikio la kushoto. Yeye hakuniona. Mama aliona pia, maana vidole vyake vilinikaza mpaka mfupa.

"Niliokotaka ku beach," nilisema, kama nilivyofundishwa.

Malineti aliegemea kiti. Tai ilikuwa mbele yake mezani, imekunjwa vizuri. "Ozali kokosa," alisema kwa Kilingala. Unadanganya. Halafu akaniinamia, sauti imelainika, sauti ya mtu anayemwita kuku. "Weye iko mutoto muzuri. Watoto hawazaliwake na kukosa. Nani alikufundisha kukosa?"

Hapo mimi nilisema ukweli. Aliniuliza swali la kweli nikampa jibu la kweli. "Ni Mushinwa," nilisema. "Alisema, sema kosa."

Mama aliachia mkono wangu. Malineti alivua miwani yake, mara ya kwanza na ya mwisho kuyaona macho yake, na yalikuwa macho madogo ya kawaida, ya mtu aliyefurahi. Karani mmoja mjinga aliyeficha tai si habari. Mgeni anayefundisha watoto wa nchi kuwadanganya wakubwa wa chama, hiyo ni habari inayoweza kumpandisha mtu cheo. "Alors," alisema taratibu, "na hii kravate iko ya ye. Ni ye alikupatia. Njo vile?"

Nilitazama mlango. Papa alikuwa akijaribu kujifuta shingo kwa mkono wa shati. Nikaitikia kwa kichwa. Sikusema neno. Kichwa changu kilishuka, kikapanda, basi. Mama alikuwa amesimama karibu yangu, alijua ile tai vizuri kuliko mtu yeyote, aliishona yeye ilipofumuka, naye alinyamaza.

Papa alirudi jioni ile. Sikio la kushoto halikusikia tena tangu siku hiyo. Kazini hawakumfukuza, wakamshusha tu hadi chumba cha mafaili. Na Mushinwa akapewa siku tatu awe amepanda boti ya kwenda Kinshasa, akafunge mambo yake huko na kuondoka nchini. Walikuja kuichukua ile sanamu kama ushahidi wa uchawi. Nilichungulia juu ya ukuta nikawaona wakiipitisha kutoka mkono hadi mkono, wanacheka, na yule mtu wa mti bado amefumba macho.

Siku ya tatu Mama alisonga lituma, akapanga ndizi zile zilizopondwa kwenye sahani nzuri ya wageni, akaweka samaki mkubwa juu, akanipa nipeleke. "Mupelekee," alisema tu, akanigeuzia mgongo. Hakwenda mwenyewe. Hata Papa hakwenda. Mtu alikuwa amebeba mzigo wao mgongoni, nao wakamlipa sahani ya chakula kwa mkono wa mtoto. Bado ninakasirika nikiandika haya, kalamu inachimba karatasi.

Alikuwa akifunga vyombo vyake vya ufundi kwenye gunia la mpunga. Nilitua sahani, nikamlipukia. Nilimwambia ni yeye. Ni yeye aliyenifundisha. "Ulisema mi niseme kosa! Njo mi nilikosa! Sasa banakufukuza, na ni weye ulisema!"

Hakuelewa. Akaniuliza tena, pole pole, kosa ni nini. Nikamwambia, kosa ni lokuta, ni kusema kitu chenye hakiko. Alinitazama, akachukua kile kitabu cha mapadri kutoka mfukoni, akapekua, akasoma kwa kidole. Halafu alianza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, pumba zikaruka kutoka kwenye shati, machozi yakamtoka. Na ghafla akaacha, akakaa chini, akashika kichwa.

"Mi nilisema faute," alisema, fote yetu ileile. "Kosa, ni faute. Mi nilitaka uambie mama: nilifanya faute, basi."

Nilikuwa bado nina kimbilio kimoja, kwamba ni yeye, na sasa halikuwepo. Nikaanza kujipiga usoni, kwa makofi, kama nilivyomwona Mama akifanya. Akanishika mikono yote miwili.

"Sikia. Mashine ya muchele inavunjika. Trac! Weye unafanya nini? Unapiga mashine?"

Nikatikisa kichwa kukataa.

"Hapana. Unazima. Unafungua. Unatafuta jiwe. Jiwe iko kila siku. Unatoa jiwe, unaangalia, unasema: ah, ni weye. Kisha kesho, mbele ya kumwanga mupunga, unapepeta." Aliachia mkono mmoja akaanza kuhesabu vidole. "Nani alikataza kravate? Si weye. Nani alificha bila kusema? Si weye. Nani alisema lete kamba? Si weye. Nani alisema neno ya kitabu yenye mutoto hajui? Ni mi. Hii yote si jiwe ya weye. Jiwe ya weye iko wapi?"

Mwishowe nikamwonyesha. Kichwa kilishuka, kikapanda.

"Ndiyo," alisema. "Iko hii kadogo." Akanionyesha ncha ya kidole chake cheusi cha grisi. "Hii beba. Usibebe kupita hii, utavunjika. Usibebe chini ya hii, utakosa." Akajisikia mwenyewe, akatabasamu. "Kosa ya kwetu na kosa ya kwenu."

Kisha akanifundisha jambo la pili, na hilo ndilo nililobaki nalo. Aliniambia kwamba siku nyingine mtu mkubwa akiniinamia na kunitaka jibu, nisijibu upesi. Nipumue mara tatu, mpaka chini ya kitovu, na katika zile pumzi tatu nijiulize swali moja tu: nikisema hivi, nani ataanguka? Alinifanya nipumue pale pale, mimi na yeye, sakafuni, sahani ya lituma katikati yetu inapoa, na rafu iliyokuwa na sanamu ikiwa tupu juu ya vichwa vyetu. Kijiti chake cha mwisho cha udi kilikuwa kinafuka mbele ya hewa tupu.

Nilimwuliza kama hajakasirika. Kama angekasirika ingenisaidia.

"Nilikasirika asubuhi," alisema. "Sasa nimechoka." Akaanza kula.

Sikwenda beach kumwona akipanda boti. Walinikataza. Na nyumbani halikusemwa neno tena. Papa alizoea kukaa na watu upande wa kulia, na wageni wakiuliza sikio limepatwa na nini alisema ni homa. Homa! Nilipojaribu kulitaja, Mama alisema, "Yamepita." Kulikuwa na mpangaji mpya kwa jirani kabla wiki hazijaisha, na kuku wetu walikosa pumba. Kwao lilikuwa limefunikwa. Mimi nilibaki nimeshika jiwe langu dogo mkononi, na hakukuwa na mtu wa kumwonyesha.

Miaka ikapita. Nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, Kiongozi alizungumza redioni akatangaza, kwa machozi walivyosema, kwamba sasa vyama vingine vinaruhusiwa. Na tai zinaruhusiwa. Kwa sentensi moja. Wanaume wa mji wote walifungua masanduku yao ya bati. Mngewaona barabarani wiki ile, wazee kwa vijana, shingo zimenyooka, vitambaa vyenye mikunjo ya kukaa gizani miaka yote ile, wanasalimiana monsieur, monsieur. Watu walicheka kwa furaha. Mimi nilitaka kupiga mawe.

Mwezi ule dada yangu aliolewa. Ua ulijaa viti vya kukodi, Papa amekaa mbele na shati lake la harusi, bila tai. Na kwenye lango akaingia Malineti. Alikuwa amealikwa, alikuwa jirani, mzee wa mtaa, na tayari alikuwa amejiunga na chama kingine. Alikuwa na miwani yake. Na shingoni alikuwa na tai ya bluu nzito yenye mistari ya njano. Nilisogea na trei ya vinywaji nikaangalia ncha. Alama ya pasi ilikuwepo. Na juu yake kidogo lilikuwepo doa la kijani lililofifia, la utomvu wa majani yangu.

Papa alisimama. Aliiona, macho yake yalisimama pale kwenye ncha. Halafu akampokea kwa mikono miwili, akamwita monsieur, akamkalisha kiti cha kulia kwake, ili amsikie vizuri.

Sijui kama mmewahi kukasirika mpaka mkabaki hamwoni rangi. Nilijua cha kufanya: kuishika tai ile na kuivuta mpaka miwani imruke. Nikatua trei. Nikapumua mara moja, mpaka chini ya kitovu. Nikapumua mara ya pili. Nani ataanguka? Nikimvuta, ataanguka dada yangu na harusi yake, Papa ataomba radhi kwa niaba yangu, na Malineti atakwenda nyumbani na hadithi ya mwendawazimu. Nikinyamaza, ataanguka Mushinwa, aliyekwisha kuanguka, kwa mara ya pili. Nikapumua mara ya tatu, nikatafuta jiwe. La Malineti lilikuwepo, kubwa, naye atajua la kulifanyia. La Papa lilikuwepo. Lakini la kwangu nilikuwa ninalijua lilipo tangu nikiwa na miaka tisa.

Nilikwenda nikasimama mbele yao wawili. Sikupiga kelele. Muziki ulikuwa umekatika kwa sababu ya umeme, kwa hiyo watu walisikia.

"Papa, hii kravate iko ya weye," nilisema. "Mi njo nilitoaka mu sanduku, nilizani ni kamba. Haikukuwaka ya Mushinwa. Balimufukuza juu yangu. Waliniuliza, mi nikaitika na kichwa. Nilifanya kosa." Na ili pasibaki mtu wa upande wa mto wala wa upande wa Maniema wa kujifanya hakuelewa, nikalisema na kwa Kilingala: "Nakosaki." Nilidanganya.

Malineti aliweka mkono juu ya tai, kama mtu anayeshika kifua. Hakuna aliyecheka. Mjomba mmoja aliita bia. Papa alinitazama usoni, nikadhani sasa, sasa atasema. Halafu aligeuza kichwa taratibu kuelekea kwa wageni, na kunipa sikio lake la kushoto.

Nilikuwa nimekwisha kuinua mguu niondoke, niende zangu na hasira yangu hii ambayo ninayo mpaka leo, nilipomwona Mama ametoka jikoni na unga mikononi. Alipita katikati ya viti bila kumsalimu mtu. Alizunguka nyuma ya kiti cha Papa, akasimama kati yake na Malineti, akainama kwenye sikio la kulia. Na kwa sauti iliyofika mpaka langoni, akamrudia Papa maneno yangu yote, moja baada ya jingine, na alipofika mwisho akaongeza la kwake: "Na mi nilikuwaka pale. Nilinyamaza."